Kumbe Pereira ni mti

(Hii ni hotuba niliyoitoa jioni ya wazazi shuleni kwetu hapa Mombasa. Watu kadhaa waliniomba niiandike, basi nimeiandika vile vile nilivyoisema.)

Wazazi wetu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana huko nyuma, masalkheri nyote. Asanteni kwa kuja.

Nianze na kisa chenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa kidato cha pili nasoma rejista, nikafika kwa kijana wetu mmoja jina lake la ukoo ni Pereira, mara nikasikia mtu huko nyuma anasema "Mreno huyo!", darasa zima likaangua kicheko, na mwingine akaongeza eti babu zake ndo waliojenga Fort Jesus wakatufunga minyororo. Kijana hakujibu. Aliinamisha kichwa tu akawa anakwangua meza na kalamu. Kipindi kilipoisha akanifuata, akasimama mlangoni kidogo kama anajifikiria, alafu akaniuliza, "Mwalimu, hivi jina langu lina maana gani?"

Nimefundisha lugha miaka 22 na swali hilo sikuwa na jibu lake. Nikamwambia nipe muda. Kwa hiyo leo naleta jibu, na naleta mbele yenu wote kwa sababu waliocheka walikuwa wengi na mimi nataka wote wasikie.

Sasa, mnaujua ule mpera ulio nyuma ya maabara, ule ambao kila mwaka mnaumalizia mapera mabichi kabla hata hayajaiva. Haya, kijana wetu anaitwa hivyo. Kabisa. Pereira maana yake ni mti wa pera.

Subirini nieleze vizuri, maana hapo pana mambo mawili yameshikana. Kwa Kireno pera sio hili pera letu, ni lile tunda tunaloliita peasi, la nchi za baridi, lina shingo nyembamba na chini limejaa. Wareno walipokutana na tunda letu hili, ambalo asili yake ni Amerika na wao ndo miongoni mwa waliolisambaza duniani, watu wa pwani wakalishika kwa jina la lile la kwao. Na sio sisi peke yetu. Nenda India magharibi, kwa Kimarathi pera wanaliita peru. Nenda Sri Lanka, kwa Kisinhala wanasema pera, vile vile kama sisi. Goa, huko huko pwani ya magharibi ya India, kuna peremende nyekundu inapikwa na mapera na sukari mpaka inakuwa nzito inakatwa vipande, inaitwa perada. Ukiweka alama kwenye ramani kila mahali neno hili limebaki, unapata njia ya meli zao, bandari kwa bandari.

Na sisi neno hili tumeshalifanya letu kiasi kwamba tunalinyambua kwa sarufi yetu. Chungwa, mchungwa. Embe, mwembe. Pera, mpera. Tunaweka m mwanzoni tunapata mti. Mreno anafanya kazi hiyo hiyo ila yeye anaiweka mwishoni, pera anaongeza eira inakuwa pereira. Laranja ni chungwa, laranjeira ni mchungwa. Figo ni tini, na wale wazee wa mpira mnamkumbuka Luís Figo, basi huyo jina lake ni tini, na mtini wenyewe ni Figueira, nalo ni jina la ukoo. Oliveira ni mzeituni. Zeituni yenyewe Mreno anaiita azeitona, na hilo kalitoa kwenye Kiarabu hapo hapo tulipolitoa sisi, kwa hiyo msishangae Kireno na Kiswahili wakikutana njiani, wamenywa kisima kimoja. Meza mnayoandikia ni neno lao, bendera hiyo hapo nje ni neno lao, leso aliyojifunga mama pale ni neno lao. Hata gereza, ambalo kwao igreja ni kanisa.

Kwa hiyo swali la kwanza, maana ya jina, limekwisha. Ni mti wa matunda. Ila kijana hakuuliza hilo tu, nilimwona machoni, alikuwa anauliza mimi ni nani. Na hilo ndo lilinikesha.

Twendeni Ureno, kaskazini, kati ya Braga na Porto, sehemu inaitwa Vermoim, siku hizi iko chini ya mji wa Vila Nova de Famalicão. Hapo karne ya 12 palikuwa na shamba linaitwa Pereira. Kwanini liliitwa hivyo? Kwa sababu ile ile tunayo sehemu zinaitwa Mwembe Tayari na Mkunazini, watu wanaita mahali kwa mti uliosimama hapo. Mwenye shamba wanaofuatilia nasaba wanamtaja kuwa ni Rui Gonçalves, na akajulikana kama Rui Gonçalves wa Pereira, yaani wa pale kwenye mpeasi. Babake aliitwa Gonçalo Rodrigues wa Palmeira, na palmeira nayo ni mti, jamii ya mitende na minazi. Baba wa kwenye mtende, mwana wa kwenye mpeasi! Wala hawakuona ajabu, kwao lilikuwa ni jina la mahali mtu anapokaa, ukihama unaweza ukabadilisha.

Na hapo kati mnaona kile cha Gonçalves. Hiyo es ya mwisho ni bin, hakuna kingine. Gonçalves ni mtoto wa Gonçalo, Rodrigues ni mtoto wa Rodrigo, Fernandes ni mtoto wa Fernando, Álvares ni mtoto wa Álvaro. Zamani hili lilikuwa linabadilika kila kizazi kama bin yetu, mpaka baadaye likaganda likawa jina la ukoo, ndo maana leo Bruno Fernandes anacheza mpira na babake hakuitwa lazima Fernando.

Mtu aliyelipa jina hili sifa kubwa ni Nuno Álvares Pereira. Lisomeni sasa wenyewe: Nuno bin Álvaro wa kwenye mpeasi. Alizaliwa 1360, babake Álvaro Gonçalves Pereira alikuwa mkuu huko Ureno wa chama cha wapiganaji wa kidini kilichoitwa Hospitali, na babu yake Gonçalo Pereira alikuwa askofu mkuu wa Braga, na ndio, askofu mwenye mtoto, zama hizo yalikuwepo. Mfalme wa Ureno alipokufa 1383 bila mtoto wa kiume, Castile, ufalme jirani ambao leo ni sehemu ya Hispania, ikataka kuimeza nchi kwa sababu binti wa mfalme alikuwa ameolewa huko. Nuno kijana wa miaka 20 na kitu akawaongoza watu wakapigana Atoleiros Aprili 1384, wakashinda, alafu tarehe 14 Agosti 1385 ikaja vita ya Aljubarrota, Wareno wachache, wengi wao kwa miguu, mbele ya jeshi kubwa lenye farasi, wakachimba mashimo na mitaro wakasubiri. Jioni ile Castile ikavunjika. Ureno ikabaki nchi.

Lakini kinachonigusa mimi sio vita. Mtu huyu baada ya kuwa na mali na mashamba pengine kuliko mtu yeyote pale baada ya mfalme, 1423 akagawa vitu vyake akaingia kwenye nyumba ya watawa aliyoijenga mwenyewe Lisbon, Carmo, akawa bradha wa kawaida, akafia humo 1431. Kanisa lile lilianguka kwenye tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 na mpaka leo limeachwa bila paa, matao yamesimama angani matupu. 2009 Papa Benedikto wa 16 akamtangaza mtakatifu. Na binti yake Beatriz aliolewa na Afonso, mtoto wa mfalme mpya João wa Kwanza aliyezaliwa nje ya ndoa, kutoka kwao ikatoka nyumba ya Braganza ambayo ilitawala Ureno toka 1640 mpaka ufalme ulipoondolewa 1910, na makaizari wa Brazil pia ni humo humo.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Mtu akisoma haya kwenye intaneti anarukwa na furaha, eti mimi Pereira basi mimi ni damu ya mtakatifu na wafalme. Kuna watu wanauza vikombe na fremu zenye ngao ya Pereira, msalaba wa fedha wenye ncha za maua kwenye rangi nyekundu, na kijana wetu alinionyesha kwenye simu, ndugu yake mmoja alitumiwa moja kama zawadi. Mimi nasema wazi, pesa ile imepotea. Ngao ilikuwa ya ukoo mmoja wa mabwana, sio ya kila mwenye jina. Ureno ilikuwa imejaa sehemu zinaitwa Pereira, kila penye mpeasi mkubwa palikuwa Pereira, na mkulima wa hapo naye akaitwa wa Pereira bila kuwa na uhusiano wowote na bwana wa Vermoim. Na majina hayakuwa yamefungwa kisheria kama leo. Ndugu wawili wa tumbo moja mmoja angeweza kuchukua jina la upande wa mama na mwingine la baba, wasichana wengi walipewa majina ya ibada tu kama de Jesus au da Conceição. Uandikishaji wa lazima wa serikali ulikuja 1911, baada ya jamhuri kuingia. Mpaka leo kwao kwa kawaida jina la mama linatangulia na la baba linafuata mwishoni, na mtu anaruhusiwa mpaka majina manne ya ukoo. Kwa hiyo Pereira unayemuona mwishoni mara nyingi ni upande wa baba, ila huyo huyo anaweza kuwa na Carvalho mwaloni hapo kati kwa upande wa mama, msitu mzima mtu mmoja.

Kuna jambo jingine linasemwa sana na nataka nilinyooshe. Wengi wanaamini kwamba majina ya miti ya Kireno, Pereira, Oliveira, Nogueira, ni majina ya Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu. Kilichotokea ni hiki. Desemba 1496 Mfalme Manuel wa Kwanza alitoa amri Wayahudi wote waondoke Ureno, na 1497 badala ya kuwaacha waende akawabatiza kwa lazima, watoto walichukuliwa mikononi mwa wazazi wao. Ni jambo la kuumiza, sitaki tulipite mbio. Watu hao wakatakiwa wawe na majina ya Kikristo, wakachukua yale ya wasimamizi wao wa ubatizo na yale ya kawaida yaliyokuwepo mtaani. Pereira likiwa mojawapo, lakini lilishakuwepo zaidi ya miaka 300 kabla. Kwa hiyo jina la mti halikuambii huyu ni Myahudi, na pia halikuambii kwamba sio. Mtu aliyetaka kujificha alichukua jina ambalo kila mtu analo, ndo maana ya kujificha.

Na wengine walitoka nalo. Mahakama ya kanisa ya kuwasaka ilianza Ureno 1536 ikadumu mpaka 1821, familia zikakimbilia Amsterdam, Ufaransa, huko wakarudi kwenye dini yao wazi wazi lakini jina wakabaki nalo. Kuna mmoja nampenda sana kama mwalimu, Jacob Rodrigues Pereira, alizaliwa Hispania 1715 akahamia Ufaransa, kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto viziwi kuongea, na 1749 alimpeleka mwanafunzi wake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris wamsikie mwenyewe. Fikirini hicho chumba, mabwana wenye mawigi wamekaa kimya wanamsikiliza kijana ambaye watu walishasema hatosema maisha yake yote. Wajukuu zake Émile na Isaac ndo wakajenga reli ya Paris kwenda Saint-Germain, 1837, wakaandika jina Kifaransa, Péreire, na leo mtaa na stesheni ya treni ya chini vinaitwa hivyo hivyo pale Paris.

Jina limeendelea kubadilika kila lilipofika. Sri Lanka, ambako Wareno walifika mwanzoni mwa karne ya 16, likawa Perera, na leo ukiita Perera sokoni Colombo watageuka wengi. Marekani, mabaharia wa visiwa vya Azores waliofika Massachusetts kuvua nyangumi, wengine wakaliandika Perry ili waajiri walitamke. Brazil limejaa kila mahali, na hapo lazima niseme, wengi walilipata kupitia utumwa. Mwafrika alibatizwa bandarini au shambani, akapewa jina la kwanza la mtakatifu, na alipopata uhuru mara nyingi akaandikwa jina la bwana wake. Hakuna aliyemuuliza kwao aliitwa nani.

Ila jina hilo hilo Waafrika walilibeba wakalitumia dhidi ya Wareno wenyewe. Aristides Pereira alikuwa kwenye chama kilichopigania uhuru wa Guinea-Bissau na Cape Verde pamoja na Amílcar Cabral, na 1975 akawa rais wa kwanza wa Cape Verde mpaka 1991. Carmen Pereira alikuwa kwenye mapambano hayo hayo upande wa Guinea-Bissau, na Mei 1984 akakaimu urais wa nchi kwa siku tatu, siku tatu tu lakini zinatosha kwa historia. Sasa niambieni nyinyi mliocheka, hao nao ni Wareno?

Haya, turudi kwa kijana wetu. Familia yake ni ya Goa. Wareno waliiteka Goa 1510 chini ya Afonso de Albuquerque, na katika miaka iliyofuata vijiji vingi vya huko vikabatizwa, mara nyingi watu wengi kwa siku moja. Aliyebatizwa aliacha jina la nyumbani kwao akachukua jipya, mara nyingi lile la padri aliyembatiza au la Mreno aliyesimama kama baba yake wa ubatizo. Asimame bwana Pereira siku hiyo, basi familia nzima, watu ambao wamelima mpunga pale karne kwa karne na hawajawahi kuuona mpeasi kwa macho, wanatoka kanisani wanaitwa Pereira. Mtaa wa pili alisimama Fernandes, wakatoka Fernandes. Hakuna damu ya Kireno hapo ni maji ya ubatizo tu. Wapo waliooana na Wareno, lakini hao ni wachache na jina halikuambii ni yupi.

Karne ya 19 wakaanza kuja huku, Zanzibar kwanza, alafu Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, wakiwa makarani, mafundi cherehani, wapishi, wapiga muziki. Hawakuja na mizinga. Walikuja na masanduku ya nguo na vyeti vya ubatizo. Pio Gama Pinto alikuwa Mgoa, alizaliwa Nairobi 1927, akafungwa na Waingereza kwa kuisaidia Mau Mau, akauawa kwa risasi Februari 1965 Kenya huru ikiwa changa. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, babake Mgoa wa ukoo wa Zuzarte na mama Mmasai. Hawa walikuwa na majina ya Kireno na nchi hii iliwagharimu vitu vikubwa.

Na kuhusu Fort Jesus, kwa kuwa mmeitaja nyinyi wenyewe. Ilianza kujengwa 1593, na wengi waliobeba mawe hawakuwa Wareno. Na kuna mfalme wa hapa hapa Mombasa, Yusuf bin Hassan, alichukuliwa mtoto baada ya babake kuuawa akapelekwa Goa, akabatizwa na mapadri wa Augustino, akapewa jina Dom Jerónimo. Wakamrudisha 1626 awe mfalme wao mtiifu. Agosti 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni, akalitupa lile jina akarudi kuwa Yusuf. Sasa huyu alikuwa mtoto wa Mombasa na aliitwa Jerónimo miaka mingi. Mngekuwa darasani kwake mngemcheka?

Kijana, simama kidogo. Usione haya, simama tu. Uliniuliza jina lako lina maana gani. Ni mti wa matunda, ulisimama kwenye shamba moja Ureno kaskazini zaidi ya miaka 800 iliyopita. Lilifika Goa kwa meli, likaingia nyumbani kwenu kwa maji, likafika Mombasa kwa meli nyingine. Kabla ya hapo familia yenu ilikuwa na jina jingine, na hilo halijapotea lote. Vitabu vya ubatizo vya parokia za Goa vimeandikwa Kireno, kule vinaonyesha kijiji, jina la baba, jina la mama, babu na bibi wa pande zote mbili, na wazee wa kijiji bado wanajua nyumba ipi ni ya watu gani. Anza na cheti cha babu yako, kitakupeleka kwa babake, usirukie kwa Nuno wa Aljubarrota. Nenda hatua kwa hatua kurudi nyuma. Unaweza kukaa.

Nilipomwambia haya wiki iliyopita alienda nyumbani akamuuliza bibi yake, na kesho yake akaja na jibu ambalo mimi kwenye vitabu vyangu vyote sikulipata. Bibi mwenyewe yuko hapa, safu ya pili, mwenye gauni la buluu. Amekuja na cheti cha ubatizo cha babake kimefungwa kwenye nailoni, na amekuja na sahani ya perada aliyoipika jana, na mapera ameniambia yametoka kwenye ule mti wetu nyuma ya maabara, mwanawe alikuja kuyaomba kwa mlinzi. Mikrofoni hii hapa. Mama, karibu, waambie jina la nyumba yenu.